Upepo Kwenye Bomba la Dizeli

Usiku wa kuamkia leo niliota betri ya lori langu imeketi sebuleni kwangu, imekunja nne, inakunywa chai yangu.

Lakini kwanza mjue nililala na nini kichwani. Lori langu haliwaki kwa mara ya kwanza. Ukipiga stata, linazunguka, linanyamaza. Mara ya pili linakohoa. Mara ya tatu linawaka, na likishawaka limewaka, hata Mbeya unafika. Mwanangu Egidi amechoka na kikohozi hicho. Amewaita wakata vyuma waje asubuhi na mitungi yao ya gesi. Nilimsihi mpaka akanipa sharti moja: likiwaka kwa mara ya kwanza mbele yao, litabaki uani hadi nitakapokufa. Likigoma, linakatwa vipande.

Nikamwendea Gama, fundi, jirani na mtani wangu. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, tumetukanana vizuri tangu ujana. Nilitegemea anicheke. Akanishika mkono, akasema, "Pole sana, mzee wangu. Labda wakati wake umefika."

Mtani akikupa pole kwa heshima, anza kutafuta sanda. Nikarudi nyumbani, nikalala na njaa ili kuwakomoa.

Basi, betri imeketi sebuleni.

"Shikamoo," inasema.

"Marahaba. Nani kakupa kiti changu?"

"Nimemaliza kazi yangu. Nimeita, sikuitikiwa. Wewe ukimwita mtu asiitike, unabaki umesimama?"

Nikaigusa. Ina moto wa kutosha, na sukari yangu imeimaliza. Nikaona hapa hakuna ugonjwa, kuna utovu wa adabu tu. Nikatoka uani.

Uani yupo Gama, kavaa suti ya misibani, kashika spana kama padre ashikavyo msalaba.

"Kanuni ya ufundi," ananiambia, "anza kupima kilicho rahisi. Na hapa hakuna rahisi kama wewe, mtumwa wangu. Panua mdomo."

Nikapanua. Akanitia kijiti cha kupimia oili mpaka kooni, akakitoa, akakifuta kwenye suruali yangu, akakitia tena, akakitazama kwenye mwanga.

"Oili ipo. Nyeusi kama roho yako, lakini ipo. Nenda kwa stata."

Stata nilimkuta amelala chali chini ya lori, mikono kifuani, amenuna.

"Usinipime," akasema. "Mimi kazi yangu kubisha hodi. Nabisha kwa nguvu, mtaa mzima unasikia. Mlango ukifunguliwa au usifunguliwe, kamuulize mwenye nyumba."

Nikafungua boneti kumuuliza mwenye nyumba. Injini ilikuwa imejifunga kilemba, inachambua mchele.

"Hodi nimeisikia," ikasema bila kuniangalia. "Lakini niitike kwa kinywa kikavu? Asubuhi dizeli hainifikii. Kuna mtu amekaa njiani."

"Nani?"

"Ingia bombani umwone. Vua viatu, nimeshafagia."

Nikavua viatu, nikaingia kwenye bomba la dizeli. Msiniulize niliingiaje. Nimewahi kuingia ofisi za watu kwa mlango mwembamba kuliko ule.

Ndani ya bomba ni korido. Rangi ya kijani mpaka kiunoni, nyeupe kwenda juu. Naijua. Ni korido ya kampuni niliyoiendeshea malori yake mpaka mgongo ukapinda. Hapo ndipo niliporudisha funguo siku ya kustaafu. Karani alizipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na muhogo. Hakusema asante. Hakusema hata karibu muhogo.

Matone ya dizeli yamepanga foleni ukutani, kila moja na kikapu chake.

"Mbona hamwendi?" nauliza. "Injini inawangoja."

"Yule mzee kakaa mlangoni," linasema tone la mbele. "Tukimsukuma anabonyea. Tukimwacha anafura tena. Tunasukuma mpaka stata anachoka."

Mlangoni, juu ya benchi, ameketi mzee mwembamba aliyevaa koti la kampuni, vifungo vyote vimefungwa. Ukimtazama sana unauona ukuta ulio nyuma yake.

"Mimi ni Upepo," anasema. "Karibu. Sina cha kukupa."

"Mzee mwenzangu, ulipitia wapi?"

"Pale kwenye nati, mpira wa kuzibia umechakaa. Nilikuta upenyo, nikapenya. Hata wewe ungepenya."

"Kwenu ni wapi?"

Nilipouliza tu, korido ikawa Kitonga. Tumesimama ukingoni mwa mlima, chini yetu malori yanapanda yakilia. Upepo ananyoosha mkono.

"Hapa ndipo nilipofanya kazi. Nilipoza injini za watu. Madereva walisimama, wakafungua mashati, wakasema, aah! Siku hizi wanapandisha vioo, wana baridi yao ya mashine. Hakuna aliyeniambia nimestaafu. Niliona tu vioo vimefungwa."

"Ndiyo ukaja kuniulia gari?"

"Nisikilize. Kila asubuhi unapiga stata, gari linagoma. Nani anatoka?"

"Mke wangu Sikudhani."

"Na nani?"

"Egidi. Gama na spana zake. Majirani wa kusukuma."

"Wanasemaje?"

"Wananicheka. Kila mmoja ana dawa yake. Wanakaa mpaka chai inaletwa."

"Sasa niambie. Siku gari likiwaka kwa mara ya kwanza, atatoka nani?"

Nikatafuta jibu. Nimewajibu maaskari wa barabarani nchi nzima, sijawahi kukosa jibu. Nikaanza kuhesabu vifungo vya koti lake.

"Unaona," anasema Upepo. "Humu bombani, angalau kila asubuhi kuna mtu anayenitafuta."

Tumerudi kwenye korido. Kwa mbali nasikia mitungi ya gesi ikishushwa, ngang'! ngang'! Gama anaita kutoka nje ya bomba, sauti yake kubwa kama ya mahubiri: "Mtumwa wangu! Legeza nati, nipige pampu ya mkono! Watu wamefika!"

Spana naikuta mkononi mwangu. Nailegeza nati. Gama anapiga pampu. Matone yanasukuma. Upepo anashikilia benchi kwa mikono yote miwili, koti linapeperuka.

"Toka, mzee mwenzangu," namwambia. "Watalikata!"

"Nitoke niende wapi? Huko nje mimi ni hewa tu!"

Na kweli, huko nje angekuwa hewa tu. Hilo halikunichekesha.

Nikafungua kifungo cha shati. "Ingia hapa. Kifua changu kimestaafu, kina nafasi."

"Watakuja kunitafuta?"

"Sijui. Tujaribu."

Akaingia kama mgeni asiye na hakika ya kukaribishwa: kwanza kofia, halafu kiwiko, halafu miguu. Akaketi chini ya mbavu. Alikuwa wa baridi. Matone yakapita mbio na vikapu vyao, na mlango ukafungwa nyuma yao bila mtu yeyote kutuaga.

Nikaamka. Jua limeshapanda dirishani. Nje lori linanguruma taratibu, safi, bila kikohozi.

"Baba Egidi!"

Sikudhani, mlangoni. Nilimsikia vizuri sana. Nikafungua mdomo niitike. Kitu kikazunguka kifuani, kikanyamaza.

"Baba Egidi, we!"

Nikakohoa.

"Jamani, Baba Egidi!"

"Naam," nikasema.

"Mungu wangu, nilidhani umetutoka! Lori limewaka! Egidi kapiga stata mara moja tu, wakata vyuma wanapakia mitungi yao. Nakuita uje uone, huitiki!" Kisha akanitazama usoni, akageukia uani. "Egidi! Gama! Njooni, mzee hayuko sawa!"

Wakaja. Egidi akiwa na ufunguo mkononi, Gama na spana zake, majirani, hata mkata vyuma mmoja ambaye sijui jina lake. Wakasimama kuzunguka kitanda. Mmoja akasema ni baridi, mwingine akasema ni njaa, wa tatu akasema tangawizi. Sikudhani akaniwekea sikio kifuani.

"Kuna kitu kinabubujika humu."

"Baba!" akaita Egidi, kama vile niko ng'ambo ya mto. "Baba!"

"Mwache," akasema Gama. "Utammaliza betri."

Wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Mtu akaenda kuchemsha chai. Kupitia dirishani nililiona lori langu limebaki peke yake katikati ya ua, linanguruma vizuri ajabu, na hakuna hata kuku aliyelitazama.

Nikakohoa tena, safari hii kwenye kiganja. Yalikuwa mapovu madogo, yanapasuka moja moja. Gama akainama, akayanusa. Yalinuka dizeli.