Maji Chini ya Ukuta

Kulikuwa bado giza nilipousikia udongo ukichuruzika. Chururu, kimya, kisha chururu tena, nyuma ya zulia la ukutani katika chumba cha Mama Sanavbar, mama mkwe wangu. Nilikuwa nimeamka kufagia ua na kuunyunyizia maji kabla wakubwa hawajatoka, kama afanyavyo mke wa mwana katika kila nyumba ya bonde letu la mto Vakhsh. Nikaweka ufagio chini, nikasikiliza.

Kulipokucha, mlango wa Mama ulikwaruza sakafu, kama ulivyoanza kufanya tangu vuli. Alilazimika kuusukuma kwa bega.

"Mlango umenenepa," akacheka. "Kama mimi."

Niliinua pembe ya zulia. Ufa ulianza chini ukiwa mwembamba kama uzi. Karibu na dari vidole viwili viliingia.

"Mama, ukuta unadidimia upande wa mzabibu."

Mzabibu ule aliupanda marehemu baba mkwe, karibu kabisa na ukuta, ili kivuli kifike dirishani. Tangu afariki, Mama mwenyewe ndiye aliyefungua mfereji kila jioni, na maji yakituama pale hadi asubuhi. Udongo wetu ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali. Ukilowa kwa kina hulainika kama sukari ndani ya chai. Wote tunalijua hilo, ila tunalikumbuka zaidi tukipita kwa jirani.

Navruzi, mwaka mpya wetu, ilikuwa inakaribia, na nyumba isiyopakwa chokaa wakati huo husemwa. Basi Mama akamwita mwanawe Firdavs, shemeji yangu, akaja na udongo uliochanganywa na nyasi kavu, akaziba ufa, akapaka chokaa juu yake. Ukuta ukawa mweupe kama maziwa.

"Unaona? Umepona," Mama akaniambia.

Firdavs alipoondoka nilipaka ukanda mwembamba wa jasi pale palipozibwa. Jasi haivutiki; ukuta ukisogea, itapasuka. Kesho yake ilikuwa imepasuka katikati, nikamwita Mama aione.

"Leo tuhamishe matandiko yako. Na maji tuyafunge."

"Niufungie maji mti wa mume wangu sasa hivi unapochipua? Kama umechoka kukaa na mimi, sema tu, mwanangu."

"Nimechoka kusikia ukuta ukimwagika juu ya kichwa chako, Mama."

Akanipangusa vumbi begani. "Navruzi ipite. Wageni wasinikute nimejibanza kwenu kama mkimbizi."

Nikamwendea Firdavs. Akajikuna shingo. "Mama unamjua, shemeji. Tukimtoa leo, mtaa mzima utasikia tumemfukuza."

Siku ya kupika sumalaki, ule uji mtamu wa ngano iliyochipua, wanawake wote tulikuwa uani kwa jirani, tunakoroga sufuria kubwa kwa zamu. Alasiri Mama akajishika kiuno.

"Naenda kujinyoosha kidogo chumbani."

Ningeuzungumzia ukuta mbele za watu, angekwenda kwa hasira. Nikampa mwiko.

"Mama, nishikie zamu yangu. Mkono unaniuma."

"Haya, tazameni!" akawaambia wenzake. "Wake wa siku hizi! Uji tu unawavunja mikono!" Wakacheka mpaka machozi. Mama akashika mwiko, akakoroga kwa kujionyesha.

Alikuwa bado anakoroga tulipohisi ardhi ikiguna chini ya miguu. Kisha mshindo, na vumbi la njano likapanda juu ya uzio wetu.

Ukuta ulikuwa umeangukia nje na paa likaufuata. Kitanda cha Mama kilikuwa chini ya boriti. Mzabibu ulifunikwa wote. Hata tawi moja halikuonekana.

Firdavs alisimama na sepetu asijue aanzie wapi. "Tungefunga maji vuli iliyopita, mlango ulipoanza kukwaruza," alisema, "tungechimba tukaweka mawe chini. Chumba kingekuwepo."

Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko bado mkononi, uji ukimkaukia vidoleni.

"Uliniambia," akasema bila kunitazama. "Na mkono wako hauumi."

"Hauumi, Mama."

Alitaka kucheka, akalia. Nilipiga magoti, nikamfuta vidole kwa ncha ya kilemba changu. Binti yangu Parvona akaja, akamshika bibi yake goti.

"Bibi, leo utalala na mimi."