Keria Juu ya Kanopi

Fundi mpaka rangi alipotamka neno keria, yaani fremu ya chuma ya kubebea mizigo juu ya gari, mkewe aliweka mkasi chini, na mkasi ule haukuwekwa chini kwa jambo dogo. Mtaani walimwita Mama Pazia, maana ndiye aliyeshona karibu kila pazia la mtaa huo. Siku hiyo alikuwa akishona ya kwake mwenyewe: vipazia vya madirisha ya kanopi, kile kibanda cha faiba kilichofunika nyuma ya pikapu yao. Kesho kutwa wangeondoka, wawili tu, wiki nzima, walale humo humo kwenye godoro na waamkie popote. Furaha ilikuwa imemlevya hadi akashona kipazia kimoja juu chini, akacheka peke yake, akafumua.

"Sasa ngazi tutaiweka wapi?" mumewe aliuliza. "Ndani kuna godoro. Tukifunga keria, ngazi inalala juu, sisi tunalala chini."

"Ngazi inabaki nyumbani, baba."

"Fundi aache ngazi? Kazi mbaya si mchezo mwema, mama."

Hapo ndipo penyewe. Waliwahi kwenda harusini, mumewe akaishia kupaka rangi geti la bwana harusi. Walikwenda kumwona mjukuu mchanga, akajifungia kupaka jiko la mkwe, na mtoto akamjua babu yake kwa harufu ya tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Yeyote aliyeiona ngazi alikumbuka ukuta wake unaobanduka, na mumewe hakujua kusema hapana. Kwa Mama Pazia hesabu ilikuwa fupi: keria ni ngazi, ngazi ni kazi, na safari aliyoingoja tangu watoto wakiwa shule itakwenda na maji.

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa amekuja kuwaaga akasahau kuondoka. "Kaka," alisema, "akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zako naona zimeanza kukuaga."

Mpaka rangi alijipapasa utosi, akawasha gari. Wote watatu wakaenda kwa fundi wa kuchomelea, ambaye watu walimwita Cheche. Cheche alizunguka kanopi akiigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti.

"Chuma nitafunga," alisema, "lakini paa hili silijui. Likibonyea, mimi simo. Apande mtu akae, tusikilize."

Mpaka rangi alikuwa na mwili wa watu wawili. Cheche mwenyewe alikuwa mwembamba kama waya wake. Wifi alikumbuka ghafla kwamba nyonga inamuuma. Mama Pazia akajitolea, haraka kiasi cha kumtia mumewe wasiwasi, kwani alikuwa na lake moyoni: angekaa kidogo, angesema amesikia paa likipasuka, na habari ya keria ingeishia hapo. Wakaegemeza ngazi ileile, Cheche akalaza ubao juu ya paa, na Mama Pazia akapanda na uongo wake tayari mdomoni.

Alikaa. Paa likatulia kimya. Alifungua kinywa aseme alichopanga kusema, na macho yake yakaangukia ghorofa ya pili ya nyumba ya ng'ambo, kwenye pazia la manjano. Lilikuwa lake. Siku zote aliyaona mapazia yake akiwa ndani ya vyumba vya watu, pini mdomoni. Hakuwahi kuliona moja kutoka nje, usawa wa macho, upepo ukilijaza na kuliachia. Akaona la pili, lile la maua lililomsumbua pindo, halafu la tatu. Kisha akatazama chini akaona utosi wa mumewe, na katikati ya kipara tone la rangi nyeupe ambalo bila shaka lilikuwa pale tangu jikoni kwa mkwe. Kicheko kikamtoka bila hodi.

"Umesikia nini?" Cheche aliuliza.

"Sijasikia kitu," alijibu akifuta machozi. "Baba, endesha kidogo."

"Niendesheje na wewe uko huko?"

"Polepole."

Basi wakatoka, gia ya kwanza, Cheche akitembea upande mmoja na wifi upande wa pili, nyonga yote imepona. Getini ilibidi Mama Pazia alale kifudifudi, na kwenye kona aliibuka na shuka ya mtu iliyomnasa kutoka kwenye kamba ya nguo. Aliipungia mtaa mzima. Alipoambiwa ashuke alikataa.

"Mpanda ngazi hushuka, wifi," wifi yake alimwonya.

"Atashuka akitaka. Cheche, funga keria."

Uso wa mpaka rangi ukang'aa. "Si nilisema? Ngazi itakaa vizuri sana hapo."

"Ni ya kunibeba mimi, baba. Mto wangu na mimi. Ngazi inabaki nyumbani."

Mumewe aliitikia kwa kichwa. Hakubisha zaidi, na hilo lingetosha kumshtua mtu ambaye hakuwa amelewa furaha.

Asubuhi ya safari vipazia vilikuwa vimening'inia, godoro limetandikwa, na keria inang'aa juani juu ya kanopi. Mama Pazia alitoka na mto wake kwapani. Akainua mguu kwenye bampa, ukateleza. Akajaribu tairi. Akasimama akiitazama keria iliyokuwa juu ya kichwa chake, halafu akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akichunguza mawingu na kupiga mluzi.

"Ulijua," alisema.

"Mimi? Mimi najua kupaka rangi tu."

Alicheka mpaka akaangusha mto. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. "Ngazi ije. Brashi zibaki."

Mluzi ulikatika. Mpaka rangi alitoa brashi pana kutoka chini ya kiti, akamkabidhi. Mkono ulibaki palepale. Akatoa ya pili nyuma ya godoro. Mkono haukuondoka. Akashusha pumzi, akainama, akachomoa kibrashi chembamba kutoka ndani ya soksi.

"Hicho ni cha dharura tu, mama."

Mama Pazia alimpa wifi yake zote tatu, akashika ngazi, akapanda.