Mbao za Boti ya Machuki

Celestine Adoyo aliamini kwamba kazi ya fundi haipimwi kwenye karakana yake. Unakwenda kwa watu waliokaa nayo misimu miwili ya mvua, uone kama gundi imeachia, kama shingo imepinda, na kama mwenyewe bado anaishika.

Alikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja ya wasichana Homa Bay, na Jumamosi mchana alipiga gita kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Alikuwa amependa jazi ya Kijipsi, ule muziki wa Ulaya unaopigwa kwa magita matupu bila ngoma, mkono wa kulia ukichapa nyuzi kama mtu anayepepeta mtama. Muziki huo unataka gita la aina yake: tundu dogo mfano wa yai, uso uliopinda kidogo, sauti inayopenya kelele za watu bila spika. Lake la dukani lilikuwa limemshinda. Ndipo akasikia kwamba Muhuru Bay yuko fundi, Elkanah Odhiambo, anayeyatengeneza kwa mkono, moja moja, na kwamba moja lilikuwa linakaribia kwisha.

Alimpigia simu akamwomba majina ya watu waliowahi kununua kwake. Fundi alimpa mawili papo hapo. "Uliza hao," akasema, akakata.

Wa kwanza alikuwa Kerosi, kiongozi wa kwaya ya Waadventista mjini Rongo, mwenye duka la mabati na misumari. Gita lake lilining'inia ukutani nyuma ya kaunta. Celestine alilitazama kutoka mbali akajua ni kazi ya mtu aliyetulia. Viungo havikuonekana kabisa. Kerosi akamwambia fundi ni mzuri, gita ni zuri, na kwamba hatajuta. Walipopeana mikono, Celestine alimshika kwa makusudi mkono wa kushoto. Ncha za vidole zilikuwa laini kama za mtoto. Mtu huyo hakuwa amegusa nyuzi kwa mwaka mzima.

Alitaka kumwuliza sababu, lakini Kerosi akaanza ghafla kueleza habari za mabati, tena kwa sauti ya juu. Nyuma ya sauti yake gita likavuma. Noti nne, nzito, ya tatu ikivutwa kidogo, kisha zikarudi tena. Hakuna aliyeligusa, na hewa ilikuwa imesimama.

"Ni malori ya miwa, dada," Kerosi akasema bila kugeuka. "Yakipita hapa kila kitu kinatetemeka."

Celestine alitazama barabarani. Hakukuwa na lori. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi.

Kesho yake alikwenda Ndhiwa kwa Fanuel, mwenye kinu cha kusaga unga, ambaye zamani alipiga gita kwenye matanga. Fanuel alikuwa amelifunga gita kwa blanketi mbili na kulilaza ghalani chini ya magunia. Naye akasema fundi ni mzuri, gita ni zuri, hutajuta. Alimfunulia shingo tu. Ilikuwa imenyooka kama uzi. Ilipokaribia saa nane alimsihi aondoke, akasema ana wageni, ingawa hakuna mgeni aliyeonekana, na mkewe alikuwa ameshajifungia ndani.

Akiwa njiani kurudi, Celestine aliyawaza maneno yale. Hakuwa ameuliza kama atajuta. Watu wawili wasiojuana walikuwa wamemjibu swali ambalo hakuwauliza.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alikwenda Muhuru Bay.

Elkanah alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, vumbi la mbao likiwa limekaa kwenye nyusi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya uwanda ambapo wanawake walianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Alimkabidhi gita jipya bila kulisifu. Lilikuwa na nyuzi tayari, bado rangi ya kung'arisha. Celestine akaligonga kwa kidole, akaangalia shingo kwa jicho moja, akachapa nyuzi mara chache. Sauti ilitoka kavu na kali, ikafika hadi uwandani, na mwanamke mmoja akainua kichwa. Tangu azaliwe hakuwa ameshika chombo kama hicho.

Hata hivyo hakusema atalichukua. Aligeuza mgongo wa gita, akatazama mbao nyeusi iliyoiva.

"Mzee, hii mbao umetoa wapi?"

Elkanah aliweka randa chini. "Wale wengine waliuliza gundi," akasema. "Anayeuliza mbao, namjibu."

Akamweleza pasipo kuficha. Miaka kumi na mmoja nyuma, boti ya mvule ya mtu aitwaye Machuki iliondoka hapo kwenda Shirati, ng'ambo ya Tanzania, ikiwa na watu watatu: Machuki mwenyewe, Lorine aliyekuwa akiuza mandazi, na Phelesia, mkewe Elkanah, aliyepeleka omena. Upepo uliwapindua. Machuki na Lorine walipatikana, na saa ya mkononi ya Machuki ilikuwa imesimama saa nane na dakika kumi. Phelesia hakupatikana. Baada ya mwaka, wazee walimfanya Elkanah azike tunda la mti wa yago mahali pa mwili, kama Wajaluo wanavyofanya kwa aliyepotelea majini. Mchungaji alisimama kando, hakuomba. Boti ikaachwa ufuoni, hakuna mvuvi aliyekubali kuipanda, mpaka Elkanah akaivunja na kuzibeba mbao.

"Zilikuwa mbao nzuri," akasema. "Nani anatupa mbao kama hizo?"

Celestine alikuwa bado amelipakata gita lilipoanza. Alilihisi kwanza kwenye mbavu, kabla ya masikio. Mabati ya paa yalikuwa yakialika kwa jua, nje wanawake walikuwa wakicheka, na mikononi mwake kitu kilikuwa kinavuma kama mtu aliyefunga mdomo: noti fupi tano, zikiruka ruka, halafu kimya, halafu tena. Alitaka kulitupa. Alipoinua macho, Elkanah hakuwa akilitazama gita. Alikuwa akimtazama yeye usoni.

"Linalia?"

"Wewe husikii?"

"Sijawahi kusikia. Hata siku moja." Alisema hayo taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Akasema Kerosi alimpigia simu wiki ya kwanza akiwa na hofu. Fanuel alitaka kurudisha. Naye aliwauliza jambo moja tu, linaliaje, na wote walijibu kwamba linalia kama mtu. Zaidi ya hapo hawakuweza. "Wao wanasikia hofu yao. Wewe una sikio, binti wa Homa Bay. Nipigie."

Mvumo ulipokoma, Celestine alizipiga zile noti tano kwenye uzi wa pili. Elkanah aliinamisha kichwa.

"Huyo ni Lorine. Alikuwa hivyo hivyo akikaanga mandazi."

Akampigia na zile nne alizozisikia Rongo. Elkanah akasema ni Machuki; ndivyo alivyovuma akiwa ameshika injini. Hapa ufuoni, akaeleza, watu wanavuma wakifanya kazi, na unamjua mtu kwa mvumo wake hata ukiwa umempa mgongo. Celestine hakuhitaji kuambiwa anatafuta nani. Kati ya magita matatu yaliyotoka kwenye boti ile, lilibaki la Ndhiwa.

Walikwenda kesho yake pamoja. Wakiwa njiani Elkanah alimwimbia kwa sauti ndogo mvumo wa Phelesia: wimbo wa kanisani, ulioanzia juu sana na kuachwa kila mara kabla ya mstari wa mwisho. Alisema alikuwa akimtania kwamba hajui kumaliza kitu.

Fanuel aliliondoa gita kwenye blanketi kwa haraka ya mtu anayetua mzigo, akaenda kusimama nje. Wakakaa ghalani wawili, gita likiwa juu ya gunia kati yao. Saa nane na dakika kumi nyuzi zikaanza kutetemeka, vumbi la unga likicheza juu ya uso wa mbao. Elkanah alikuwa amefumba macho, viganja vimegeuzwa juu.

Noti nne, nzito. Ya tatu ikivutwa.

Celestine alisikiliza mpaka mwisho akitumaini kwamba atasikia sauti nyingine chini yake. Kisha ikabidi apige, na hapo ndipo alipoona kwamba angeweza kumdanganya. Ule wimbo wa kanisani alikuwa nao kichwani mzima. Angeupiga, na mzee huyu angelia, angepumzika. Vidole vilikwenda vyenyewe hadi kwenye noti ya juu. Akavirudisha chini, akapiga alichosikia.

"Machuki," Elkanah akasema. "Tena Machuki." Halafu akauliza, "Hakuna mwingine ndani?"

"Hakuna, baba."

Alikaa akiutazama mlango wa ghala. Celestine alidhani anajikaza asilie, lakini aliposema, sauti yake ilikuwa shwari kiasi cha kutisha kuliko magita yote.

"Basi hakupanda ile boti."

Elkanah hakutengeneza gita jingine. La Ndhiwa alilichukua. La Rongo lilibaki, kwa sababu Kerosi alisema ameshalizoea, na sasa anajua ni nani. Lile jipya alimwuzia Celestine, akamwambia kama hamwogopi Lorine, alichukue. Celestine alilichukua. Jumamosi kwenye hoteli, ikikaribia saa nane na dakika kumi, analilaza mapajani na kuwaacha wateja wadhani anapumzika.

Wiki ya tano simu yake iliita kwa namba ya Tanzania. Elkanah alizungumza kama mtu aliyetembea sana. Alisema alikuwa ameuliza Shirati, akaelekezwa kijiji kingine, kisha kingine, mpaka akafika kwenye boma lenye ua wa minyaa.

"Nilimsikia kabla ya kumwona," akasema. "Kwa masikio yangu haya."

Phelesia alikuwa anageuza omena. Alikuwa amenenepa. Kulikuwa na wasichana wawili wa umri wa shule, wanaofanana naye, na shati la mwanamume kwenye kamba. Elkanah alisimama langoni mpaka wimbo ukakatika, na yule mwanamke akageuka, akamtazama vizuri, kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Akasemaje?" Celestine aliuliza.

"Akaniuliza natafuta nani."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia natafuta mbao." Celestine alimsikia akipumua. "Akanielekeza kwa jirani."