Mvule Ulionyimwa Usingizi

Mlio ule ulitoka wapi? Nilikisimamisha kitambaa juu ya usukani na kusikiliza. Karakana ya mjomba Bartolomayo hapa Ihumwa ilikuwa kimya, isipokuwa upepo mkavu wa Agosti uliosukuma vumbi chini ya mlango.

Nje, mzee Mbwana alilizunguka gari lake jekundu la michezo, la viti viwili, lenye umri unaomzidi mama yangu.

"Anyesi!" aliniita. "Mnatengeneza usukani au mnauotesha? Bibi harusi ananingoja Kondoa!"

Bibi harusi alikuwa Mwantum, binti yake wa pekee. Mzee alikuwa ameapa kumpeleka ukumbini kwa gari lile, kupitia kona za milimani, akishika usukani wa mbao kama alivyoushika siku alipomwoa mama yake Mwantum.

Mbao ya zamani ilikuwa imeoza, tukabakiza pete ya chuma peke yake. Juu yake tulibandika kwa gundi vipande vipya vya mvule, alioutoa mzee mwenyewe Tanga. Desturi ya mjomba haina siri: mbao ya pwani hulala karakanani kiangazi kizima, izoee ukavu wa Dodoma, ndipo iguswe. Safari hii haikulala. Mzee alisihi, mjomba akalainika.

Tik. Sasa niliuhisi kidoleni. Chini ya vanishi, vipande viwili vilipokutana, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilikikamata kipande kimoja kwa mikono miwili na kukisokota. Kikateleza juu ya chuma. Kidogo tu, lakini kikateleza.

"Mjomba, njoo uone."

Aliupapasa ufa, uso ukamshuka. "Inakauka. Inajivuta." Kisha akachukua donge la nta. "Nitaziba. Aende harusini tu, mwanangu. Akirudi tutaufumua."

"Na kwenye kona?"

Aliendelea kuikanda nta ile, ingawa ilikwisha kulainika zamani.

Akilini nilimwona Mwantum ameketi kando ya baba yake, mikono imejaa hina. Mzee anakata kona, mbao inazunguka viganjani mwake, magurudumu yanakwenda moja kwa moja.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Mbwana aliingia akitabasamu, mikono ameinyoosha kuupokea usukani. "Haya, nipeni mke wangu mdogo tuondoke."

Mjomba akaificha nta nyuma ya mgongo. Alinitazama, nami nikaona kwamba hatasema neno. Niliukumbatia usukani kifuani.

"Nisamehe, mzee," nilisema. "Usukani huu hautoki hapa leo. Mbao haijakauka, imeachia chuma, na ikikuzungukia mkononi kwenye kona mtaanguka, wewe na Mwantum. Mjomba, kesho ninaibandua yote, tunaanza upya na mbao iliyolala. Harusini, mzee, utakwenda kwa gari lingine."