Paja la Mdhamini

Tangu matanga ya mumewe, Adrienne alikuwa na jambo moja tu moyoni, na halikuwa la kusamehe. Siku ile, sebule yake ya Spånga, huku ughaibuni, ikiwa imefurika watu wa kanisa, shemeji yake Urbain aliingia na viatu vyake, akajibwaga kwenye kiti cha marehemu Arsène karibu na dirisha, akatangaza kwamba nyumba ile ni yake, na mjane ataendelea kukaa kwa huruma tu. Pasta Severin akakohoa. Wengine wakatazama zulia. Adrienne alikuwa na msiba, akaendelea kupokea pole.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwepesi. Nyumba ni ya Adrienne. Walipoinunua Arsène alikuwa mgonjwa, hana kazi, na benki ikataka mtu wa pili atie sahihi kwenye mkopo. Urbain, kaka mkubwa wa Arsène, akatia. Ndiyo yote aliyofanya. Hakulipa hata mwezi mmoja. Aliyelipa ni Adrienne, kwa zamu za usiku na za Jumapili katika nyumba ya kutunzia wazee kule Husby.

Kosa lilikuwa lao wenyewe, yeye na Arsène. Kwao Bukavu, anayekusimamia kwenye harusi hupewa paja la mbuzi, na tangu hapo huwa mzazi, hahojiwi tena. Basi wao wakamfanyia mdhamini wa benki vivyo hivyo. Walimpa Urbain paja mbele ya watu siku walipohamia, na kila mwaka wakarudia. Benki nayo ikaandika kwamba riba inalipwa nusu kwa nusu, kama inavyoandika kwa mkopo wenye majina mawili mpaka wenyewe waseme vingine. Hawakusema. Waliona ni kumtukana msimamizi. Na kwa kuwa katika nchi hii anayelipa riba ya nyumba hupunguziwa kodi, kila kiangazi nusu ya nafuu ya Adrienne ilishuka Tensta, alikokaa Urbain, akaila kimya kimya, kisha akaja kula na paja juu yake.

Aliyeishtukia ni Olive, binti wa Adrienne, Aprili hii, walipokaa kujaza taarifa ya kodi.

"Mamma, var är resten?" aliuliza kwa Kiswidi. Iko wapi iliyobaki?

Adrienne akamweleza. Olive akasema inadaiwa tu, hata ile ya miaka ya nyuma; ushahidi wa malipo unatosha, na ofisi ya kodi, Skatteverket, itamtoza baba mkubwa alichokula. Adrienne akacheka, kicheko ambacho binti yake hakukipenda.

Lakini kiu yake haikuwa pesa. Alitaka jina la Urbain litoke kwenye mkopo, liingie la Olive, ambaye sasa alikuwa na kazi ya kudumu. Bila ridhaa ya Urbain benki isingebadilisha kitu, na alipompigia simu kumwomba, Urbain alimcheka. Jina lake, alisema, halitoki mule mpaka yeye mwenyewe aingie kwenye nyumba yake.

Basi aingie, Adrienne akawaza.

Siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo cha Arsène aliwaalika walewale waliokuwepo matangani, hakumwacha hata mmoja. Akapika ugali wa fufu, sombe ya majani ya muhogo, na mbuzi. Urbain alipofika, Adrienne mwenyewe akampokea koti na kumsogezea kile kiti cha dirishani. Akamwita mwenye nyumba, na Urbain akavimba kichwa. Olive alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua.

Paja likaletwa kwenye sinia. Adrienne akapiga magoti kulikabidhi, na akabaki palepale chini.

"Shemeki," alisema kwa upole, "mbele ya Pasta na hawa bote. Wewe njo mwenye nyumba. Paa inavuja, fundi anangoja jibu yako. Kodi ya serikali juu ya nyumba nayo iko. Na watu wa Skatteverket watauliza nani alilipaka riba miaka yote hii. Niwaambie ni wewe? Watataka uonyeshe."

Urbain akajichekesha, akasema mambo ya karatasi hayazungumzwi mezani. Pasta Severin, ambaye kile kikohozi cha matangani kilikuwa kimemkaa kooni mwaka mzima, akasema hapana, swali ni zuri, na wote wanangoja jibu.

Urbain akatazama paja, akatazama dari. Akisema amelipa, paa ni lake na ushahidi hana. Akisema hakulipa, maneno yake ya matangani watu waliyasikia na hawajayasahau.

"Mie sikulipaka kitu," alisema mwishowe. "Nilitiaka tu signature."

Adrienne akamwomba arudie, kwani mama mmoja pale nyuma sikio lake ni zito. Akarudia. Lo, utamu wake! Adrienne alikuwa ameungoja utamu ule mwaka mzima, na sasa ulimshuka kifuani kama maji ya baridi, wala hakuona haya. Olive akamwonyesha Urbain ombi la benki la kumtoa kwenye mkopo, lililoingia kwenye simu yake Urbain mwenyewe. Urbain akafuta mafuta vidoleni, akakubali kujitoa, macho yote yakiwa juu yake.

Wakati wa kuondoka aliinama mlangoni kufunga viatu, akachelewa makusudi mpaka watu wakapungua.

"Shemeki," alinong'ona, "ile ya Skatteverket tuiache, si tumeshamaliza? Ile pesa ilishakwisha. Nitaipata wapi ya kurudisha? Usiitume, tafazali."

Adrienne akamwekea paja lake mikononi, limefungwa kwenye karatasi ya foili, zito na bado la moto, maana mdhamini haondoki mikono mitupu.

"Nilishaituma asubuhi," alisema, "mbele hata ya kuweka chungu motoni."

Kisha akamfungulia mlango.