Mbwa Aliyebeba Saruji

Mnyoosha migongo alikuwa akimalizana na paka aliyeanguka kutoka juu ya kabati pale tajiri wa ghala la saruji alipoingia bila kubisha hodi. Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kilikuwa na meza moja iliyotandikwa mpira mweusi, sinki, na mizani ya daktari mwenye duka. Kazi ya mama huyu ilikuwa kurudisha pingili za uti wa mgongo mahali pake: za mbwa, za paka, za sungura wa watoto, na mara moja za kobe, ambaye ilibidi amnyooshe kwa kukisia. Mwanzoni watu walimcheka. Walisema mbwa akiumwa mgongo hulala, akichoka kulala huamka, sasa fundi wa nini hapo? Siku hizi walikaa foleni wamepakata vikapu vyao, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kucheka.

Nyuma ya tajiri walifuata walinzi wawili wakihema, wamembeba mbwa kwenye turubai. Alikuwa mbwa wa kawaida tu, mwekundu, sikio moja limekatika ncha, mbavu nje. Mbwa wa namna hiyo mtoto angemnyanyua kwa mkono mmoja. Walinzi walipomtua juu ya meza, miguu ya meza ililia na sakafu ikapasuka ufa mwembamba hadi kwenye sinki.

"Habweki tena," tajiri alisema. "Kutwa amelala mlangoni mwa ghala kama gogo. Wezi wakija si watamruka tu? Mnyooshe, mama. Nitawatuma hawa wamfuate mchana."

Walimhamishia kwenye mizani kwanza. Mshale ulizunguka mpaka mwisho ukagota. Daktari aliitwa, akaigonga mizani kwa kidole, akapima mfuko wa chakula cha kuku, akaona mizani ni nzima. "Basi ni mbwa," alisema, akarudi dukani kwa mteja wake.

Mnyoosha migongo alimjua kwa lile sikio. Mume wake alikuwa kuli katika ghala hilohilo, na kila jioni alimsimulia habari za mbwa ambaye makuli walimwita Shemeji, kwa sababu alikula chakula cha nyumba isiyo yake bila kuona haya. Chakula chenyewe, ambacho mume alikwenda nacho kazini, alikipika yeye. Kwa hiyo alimpapasa kichwani kama mtu wa nyumbani, kisha akaweka vidole gumba vyake viwili mwanzo wa mgongo, akasubiri mnyama atoe pumzi, akasukuma.

Pingili zilirudi moja baada ya nyingine, kila moja ikilia kama kokoto likidondoka kwenye sahani. Ya mwisho, karibu na mkia, ilimtoa jasho. Ilipoingia, vumbi la saruji lilimwagika kutoka kwenye manyoya ya mbwa likafanya kichuguu juu ya mpira. Shemeji alisimama, akajikung'uta, akabweka mpaka paka wa foleni wakajificha. Mama alifagia vumbi akalitupa kwenye pipa, moyo wake mweupe. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Jioni mume wake aliletwa nyumbani na makuli wenzake, amejikunja, uso unatazama magoti yake mwenyewe.

Lazima ieleweke kwamba mtaani mtu huyu alisifika kwa mgongo. Makuli wa rika lake walitembea kama wanaotafuta sindano iliyopotea, lakini yeye alinyooka kama nguzo ya umeme. Watu walisema si ajabu, mkewe ni fundi. Mke naye alipokea sifa hiyo miaka na miaka bila kuikataa, na kusema kweli aliiamini.

Kuli mmoja aliyeitwa Pengo, kwa ajili ya meno yake ya mbele, alikaa kizingitini akijifuta jasho.

"Shemeji," alisema, akimaanisha mwanamke, si mbwa, "leo ni wewe uliyemnyoosha?"

"Ni mimi. Kwani vipi?"

"Asubuhi?"

"Asubuhi, kabla ya king'ora cha mapumziko."

"Basi ndiyo hiyo. Ulitukuta tumebeba. Sisi tuliokuwa chini tuliitupa, lakini yeye alikuwa juu ya ngazi ya mbao."

Pengo alimweleza taratibu, kama anayeelekeza bomba linapovuja. Tangu mbwa yule azoee kulala mlangoni, mfuko wowote wa saruji uliopita mbele yake uliacha uzito wake kwake. Ilianza kwa mume wa mnyoosha migongo, aliyekuwa akimkatia chakula, kisha ikawa kwa wote. Unajitwisha mfuko, ukipita kwa Shemeji unabaki na karatasi mabegani.

"Kosa letu hatukuguna," Pengo alisema. "Tungekuwa tunaguna kidogo, tunajishika kiuno, hakuna ambaye angejua. Lakini wanaume nao! Mmoja akajitwisha miwili kumringia mwenzake, na sisi tukamfuata. Kabla ya mchana kazi imekwisha, tumekaa kivulini tunachekana. Tajiri akatuona. Kesho yake akatangaza kwamba kila mtu ni mifuko miwili, na nusu yetu akawafukuza. Wenyewe wapo mpaka leo nje ya geti, wanasubiri mmoja wetu aanguke wapate nafasi."

"Na hamkumwambia ukweli?"

"Tumwambie nini, shemeji? Kwamba saruji yake haina uzito? Si angeongeza wa tatu?"

Walipoondoka, alimlaza mumewe kifudifudi kwenye mkeka akaweka vidole gumba mwanzo wa mgongo. Akasubiri pumzi. Akasukuma. Mgongo ulikaa kimya kama ukuta. Vidole vyake vilimfahamu kobe, lakini mtu aliyelala naye miaka yote hii havikumfahamu hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko ufa wa sakafu na fedheha yote ya kusifiwa bure.

"Acha, mama watoto," mume alisema akiwa ameelekeza mdomo kwenye mkeka. "Kesho nitajikaza."

"Utajikaza na nini, baba? Mgongo wenyewe ndio huu."

"Nisipoenda, geti limejaa watu."

Alikwenda. Akarudi, akaenda tena, na kila jioni mkewe alimvua viatu kwa sababu yeye hakuweza kuifikia miguu aliyokuwa akiitazama kutwa nzima. Lakini Shemeji alikuwa amerudi kujilaza palepale mlangoni. Hakufungwa wala hakuitwa. Kidogo kidogo mzigo ulianza kumhama mume. Siku moja aliingia ndani akiwa ameinua kichwa, akasema, "Shemeji ameanza kazi," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari za mtoto kupona. Mkewe alifurahi. Alifurahi sana, kisha akajionea aibu, kwa kuwa aliujua mgongo ule mwingine ulivyolia chini ya vidole vyake.

Haukupita muda mrefu, turubai likaletwa tena. Safari hii walinzi walikuwa wanne.

Mnyoosha migongo aliosha mikono, akaikausha, akapiga moyo konde.

"Tajiri, huyu si mgonjwa," alisema. "Amebeba mzigo wa watu wako. Mifuko miwili kila mtu, kutwa nzima, yote iko hapa mgongoni. Nikimnyoosha inawarudia wao. Nakuomba, warudishe kwenye mfuko mmoja mmoja kama zamani, na wale wa getini uwaite. Hapo mbwa atapona bila hata mimi kumgusa."

Tajiri alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza maneno ya wengine. Alimtazama mbwa, akautazama ufa wa sakafu, ambao sasa ulikuwa umepita sinki.

"Kumbe," alisema.

King'ora cha mapumziko kililia kutoka ghalani, mtaa wa pili. Meza ilipanda kidogo, na Shemeji akapiga miayo.

"Kwa hiyo hata akiwa huku, anabeba tu?" tajiri aliuliza.

"Anabeba."

"Basi usimnyooshe, mama. Mwache hapahapa, mpe chakula kizuri. Mlangoni nitaweka mbwa mwingine wa kubweka." Alifika kizingitini akageuka. "Na kama ni hivyo, wale watu hawajafika mwisho wao. Wataweza mitatu."

Alitoka na walinzi wake. Mnyoosha migongo alibaki ameshika taulo. Ulimi wake ndio uliofanya kazi ambayo makuli walikuwa wameikwepa kwa muda wote ule, na hakukuwa na wa kumlaumu ila yeye.

Shemeji aliwekwa chini, karibu na sinki, maana meza ilikuwa imekata tamaa. Mifuko mitatu ilianza siku iliyofuata. Mgongo wa mbwa ulishuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na tumbo likagusa sakafu. Wateja waliingia na vikapu vyao, wakamruka, wakasema pole. Daktari alimpa sindano ya maumivu akasema zaidi ya hapo hana la kufanya, mnyama mwenyewe anajua anachokitaka.

Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha mapumziko, mama alipiga magoti na kuweka vidole gumba viwili mwanzo wa mgongo ule. Alizijua pingili zote, ipi imetoka kushoto na ipi imezama. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Mbwa alitoa pumzi, akasubiri. Na kila asubuhi mama alimfikiria mume wake kwenye ngazi ya mbao, mifuko mitatu mabegani, halafu mifuko hiyo igeuke saruji kwa ghafla. Akaviinua vidole. Badala yake alimpaka mafuta na kumwambia maneno ya kijinga, kwamba yeye ni mzuri, kwamba chakula ni kilekile anachokipenda. Mbwa alimtazama bila lawama yoyote, na mama akaona afadhali angeng'atwa.

Nyumbani mume alikuwa amenyooka. Alikula, akacheka na watoto, akauliza hali ya mgonjwa. Mkewe alijibu, "Yupo."

Shemeji alikufa mchana, wakati wa mapumziko, alipokuwa mwepesi. Labda alichagua saa hiyo ili wapate kumbeba. Mume alikuja mbio kutoka ghalani na Pengo, wakamchimbia shimo nyuma ya duka, penye mabanda matupu ya kuku. Mume aliweka mkono juu ya udongo. King'ora cha kurudi kazini kililia, naye akafuta mkono kwenye suruali.

"Usiende leo," mkewe alimwambia. "Baba watoto, nakuomba. Hayupo tena."

"Niende wapi sasa?"

Lilikuwa swali la kweli. Pengo alitazama pembeni. Kisha wanaume walitoka, na mama akabaki amesimama akisikiliza, mikono kifuani, hajui ni nani atakayemletea habari za mumewe. Ndipo udongo wa kaburi ulipodidimia kiasi cha kiganja, kisha ukadidimia tena, polepole, kama unaokanyagwa na watu wanaopita mmoja mmoja. Alilia kwa sauti mpaka daktari akachungulia dirishani. "Bado anabeba," mama alimwambia. Daktari alimletea koleo.

Ikawa kazi yake ya asubuhi. King'ora cha kuanza kazi kikilia, udongo unazama, yeye anafukia. Tajiri aliletewa habari akaja kuangalia, akaridhika, akaongeza mfuko wa nne, na getini watu wakazidi. Mume aliendelea kusifiwa mgongo mtaani. Mkewe hakuipokea tena sifa hiyo, lakini hakuna aliyegundua. Alijua kwamba chini huko vitu huoza, mifupa nayo, na kwamba mgongo uliokwisha hauwezi kunyooshwa wala kupindishwa. Alitupia udongo tu.

Asubuhi ya leo alikuwa na msichana aliyemleta sungura asiyeweza kuruka. King'ora kilipoanza kulia alimwomba amsubiri, akachukua koleo, akatoka nyuma. Alisimama juu ya kaburi. King'ora kilimaliza. Alisikia geti la ghala likifunguliwa, akasikia ngazi ya mbao ikikanyagwa, maana upepo ulikuwa unatokea upande huo. Udongo ulikaa kama ulivyokaa. Aliinama akaushika kwa kiganja. Ulikuwa mkavu na mwepesi, na haukuwa na lolote.

Aliegemeza koleo ukutani akarudi ndani.

"Mlete kesho, mwanangu," alimwambia msichana.

Aliosha mikono, akafuta meza, akageuza mpira upande ulio safi. Kisha akafungua milango yote miwili, ili watakaomleta mumewe wapate kupita.