Walivyomgeuza Kaloli

Nusura alichora, binamu yake Mansur akatia maneno. Walikulia nyumba moja huko Kisugu, wakalelewa na Bi Salme, mama yake Nusura, baada ya wazazi wa Mansur kufariki. Majirani wengi walidhani ni ndugu wa tumbo moja. Jeshi lilipotwaa serikali na watu wakaanza kutoweka Kampala, wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe wasionekane tena, wawili hao wakambuni Kaloli, shujaa wa vijitabu vya katuni.

Jina walilitoa kwa yule ndege mkubwa mwenye kipara anayeshinda majalalani. Kaloli wao alikuwa mtu mwenye mabawa ya kijivu na shingo tupu, mbaya wa sura hasa, lakini aliweza kuinua gari hewani kwa mkono mmoja. Alilitikisa mpaka buti likafunguka, akamtoa aliyemo na kumpeleka kwao mzima. Hakuua mtu. Wabaya wake walikuwa fisi waliovaa miwani myeusi, na hakuna msomaji aliyehitaji kuambiwa fisi hao ni akina nani.

Vijitabu vilipigwa chapa kwa siri Wandegeya, katika duka alilofanyia kazi Mansur, bila jina la mtu yeyote. Vilipita mkono kwa mkono hadi vikachakaa.

"Watu wazima wanasoma habari za mtu anayeruka," Mansur alikuwa akisema huku anacheka.

Nusura hakucheka. Alikwisha kuwaona wanawake wakiurudia ukurasa wa mwisho, ule wa mtu kufika mlangoni kwake. Jirani yake Alanyo alikuwa mmoja wao. Mumewe Ochan, askari Mwacholi, wa kabila ambalo wakubwa wapya hawakuliamini, aliitwa kambini asubuhi moja asirudi. Tangu hapo Alanyo aliwasomea watoto wake habari za Kaloli kila walipokataa kula.

Siku moja Alanyo aliingia uani bila kupiga hodi, akakitupa kijitabu miguuni pa Nusura.

"Mimi nilikukosea nini, dada?"

Kilikuwa kipya, cha karatasi nzuri na rangi. Kaloli amevaa magwanda ya jeshi. Fisi hawapo. Anashuka juu ya nyumba ya "adui wa taifa", mtu mwenye jina la Kiacholi, anamkamata kwa kucha na kumkabidhi kwa wanajeshi, nao wanampigia saluti. Nyuma, kwa herufi kubwa: Michoro ya Nusura wa Kisugu.

"Sikuchora hii. Wallahi, Alanyo, sikuchora."

"Jina lako. Mkono wako. Mtoto wangu ameniuliza kama Kaloli ndiye alimchukua baba."

Nusura alikwenda Wandegeya. Mansur hakuwa tena kwenye duka la zamani. Alikuwa amepewa duka kubwa la Wahindi waliofukuzwa nchini, lenye mashine mpya, na Nusura alimkuta humo amevaa suti.

"Umemuuza Kaloli."

"Nimekuokoa, Nusura. Walikuja wale wa miwani myeusi. Walikuwa navyo vijitabu vyote. Ulitaka nifanyeje?"

"Na jina langu?"

Mansur aliinamisha macho. "Mchoraji wao aliuiga mkono wako, ila walitaka na jina. Nikiweka langu, nani ataingia tena dukani kwangu?"

Wawili hao walikula sahani moja tangu utotoni.

"Halafu ni picha tu," Mansur akaendelea. "Nani siku hizi anaamini mtu atashuka toka juu amtoe kwenye buti? Tulikuwa tunawadanganya watu."

"Wewe ulikuwa unawadanganya," Nusura alisema. "Mimi niliyaamini maneno yako."

Alirudi nyumbani akalia, kisha akachora. Safari hii maneno alitia mwenyewe. Kaloli hakuwa na magwanda. Alikuwa amechoka, bawa moja limepasuka, akipita kambi hadi kambi huku akiita majina ya waliotoweka, la Ochan likiwamo. Karatasi ilipokauka aliipeleka kwa Alanyo, naye akamwacha amesimama nje.

"Hapa hajampata," Alanyo alisema alipomaliza kusoma.

"Hajampata."

"Kwa nini usichore amempata?"

"Sijui alipo, dada. Siwezi kuwaahidi watoto. Ila Kaloli hajaacha kumtafuta. Nataka walijue hilo."

Alanyo aliichukua karatasi, akafunga mlango. Nusura alimsikia ndani akiwasomea watoto, mstari mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiacholi.

Baadaye walikuja wanawake wengine kuomba nakala, Nusura akawachorea kwa mkono, wakaondoka nazo chini ya leso zao. Wengine walivuka barabara wasikutane naye, kwa sababu ya lile jina. Ochan hakurudi.

Sikukuu ya Idi Mansur alileta mbuzi. Bi Salme alimkaribisha, akasema huyu naye ni mwanangu, nifanyeje. Nusura hakubishana na mama yake. Alichukua kalamu zake za risasi, akaenda kula kwa Alanyo.